Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Mtito Andei,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi mengi kutoka huku kwenye joto. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Nunguni? Natumai bado unalikanda kwa maji moto, hujamwachia Mungu kazi yote kama kawaida yako. Na ng'ombe je, amezoea kukamuliwa nawe, au bado anapiga ndoo teke akinitafuta?

Mimi mwilini ni mzima. Mutindi, yule rafiki yangu wa chuo, ananitunza vizuri katika chumba chake nyuma ya hoteli anapofanya kazi. Chakula hakikosi, kelele za malori hazikosi, na mbu wa huku hawajali kama mtu ni mgeni. Lakini moyo wangu, mama, haujatulia tangu nifike, na ndiyo maana nimechukua kalamu badala ya kukupigia simu. Simu yako huwa unaiweka spika, kisha kina mama wa maombi waliokaa jikoni wananisalimia mmoja baada ya mwingine. Ninayotaka kukuambia leo ni ya masikio yako tu. Barua hii nampa Nzomo wa kabeji, anayerudi Nunguni kesho na lori tupu, na ameniapia kwamba atakukabidhi wewe mwenyewe.

Nianze na lililo jema. Alhamisi iliyopita mahojiano yalifanyika, na kompyuta haikuganda. Nilizungumza na wale watu wa shirika la mbegu mwanzo hadi mwisho, wakaniona nikawaona. Jana wakaniandikia kwamba wananitaka tena Ijumaa hii, safari hii mbele ya wakubwa wao, na hao ndio wenye neno la mwisho. Nikipita hapo, kazi ni yangu, na nitaifanya nikiwa pale pale nyumbani. Usipige vigelegele bado, tafadhali. Soma kwanza hadi mwisho.

Unakumbuka tulivyoteseka na kompyuta hii aliyotuletea mama mdogo Beth. Siku ya mahojiano ya kwanza nilikuwa nimevaa blauzi yako ya kanisani, nimenyoa nywele vizuri, kila kitu tayari mezani. Ukasema tuombe. Tukaomba. Tuliposema amina na kuiangalia kompyuta, skrini ilikuwa imeganda, kile kishale kimesimama katikati hakiendi mbele wala nyuma, na feni inavuma kama kinu cha posho. Niligonga kila kitufe. Muda ukapita, watu wa shirika wakaondoka, na mimi nikalia mpaka blauzi yako ikalowa. Niliwaandikia kuomba radhi, wakanipangia siku nyingine, lakini waliongeza kwamba hawatapanga tena. Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo tangu siku ile. Ninamaliza mwaka wa pili tangu chuo nikiuza sukuma wiki sokoni, na sijui ni nani mwingine ataniita.

Tukampelekea fundi Kyule. Akaifuta vumbi ndani, akaweka programu mpya za skrini, kisha akaiacha imewaka mezani pake kutwa nzima ikiwaimbia wateja nyimbo za injili. Haikuganda hata mara moja. Akasema mashine ni nzima kuliko yeye, labda tuangalie umeme wa nyumba yetu. Nilifurahi njia yote ya kurudi. Nikaiwasha mezani petu, ukashukuru Mungu kwa maombi, na tulipofumbua macho ilikuwa imeganda tena. Ukaombea soketi. Tukahamia soketi ya chumbani, ukaiombea nayo, na bado.

Hapo ndipo ulipoanza kusema kwamba hili si jambo la umeme. Ukakumbuka kwamba Mbithe, jirani yetu, alikuwa amesimama mlangoni akaisifu kompyuta, akasema ni nzuri sana na Mbinya wako ana bahati. Tangu siku hiyo ukaacha kumpelekea kikombe chake cha maziwa, na akikusalimu kwenye njia ya kanisa unaitikia ukiangalia mbele. Ukawaita kina mama. Wakaja wakiwa hawajala tangu asubuhi, wakaizunguka meza yetu, wakaiombea kompyuta kwa machozi ya kweli. Iliganda vibaya kuliko siku zote, mpaka nikaizima kwa kukandamiza kitufe.

Siku mbili baadaye nilikuaga. Nilikuambia mtandao wa Nunguni ndio mbovu, nao wa huku Mtito Andei una nguvu kwa sababu ya barabara kuu. Ukanifungia viazi vitamu na ukaniamini.

Mama, keti kama umesimama. Mtandao wa Nunguni hauna shida yoyote. Nilikuwa nakukimbia wewe.

Siku ile ya kina mama mlipofumba macho, mimi sikufumba. Najua ni vibaya, lakini niliogopa kuiacha ile kompyuta peke yake, nilikuwa nikiichunga kama maziwa yaliyo karibu kufurika. Na ndipo nilipokuona. Ukanyoosha mkono wako, ukakishusha kifuniko cha kompyuta polepole bila sauti, kama unavyomfunika mtoto aliyepata usingizi, kisha ukaweka kiganja chako juu yake na kuanza kumwita Mungu; kabla tu ya amina ukakiinua tena.

Nyumbani kwetu hakuna kinachoachwa wazi wakati wa maombi, nami nimekua hivyo. Redio inazimwa, sufuria inafunikwa, mlango unarudishwa, simu inalazwa kifudifudi. Na kila unachokiombea lazima ukiguse, uwe mfuko wa mbegu au pembe ya ng'ombe. Nimeyaona hayo maisha yangu yote hata siyaoni tena. Lakini kompyuta ikifungwa, mama, inalala. Na hii yetu, ikilala, haijui kuamka.

Kesho yake ulipokwenda sokoni nikaibeba hadi kwenye zizi, nikaifunga na kuifungua. Ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, nikaifunga tena, ikaganda tena. Kisha nikaiwasha na kuiacha wazi mpaka nikamaliza kukamua. Ilikuwa macho, inaitikia kila nilichogonga. Nilikaa pale kwenye kigoda nikacheka, halafu kicheko kikaniisha. Ningekuambiaje? Kwamba kadiri ulivyoniombea ndivyo ulivyonikosesha? Kina mama walikuwa wamekaa na njaa kwa ajili yangu, nawe ulikuwa umesimama kanisani ukaomba watu wote wasimame nami. Nilijiona nikikuvua nguo mbele ya watu. Nikaona heri nikudanganye na kutoroka.

Sasa uongo huo umenilemea. Mbithe hana hatia. Alisifu kompyuta tu, kama mtu anavyosifu kitu cha jirani. Siku zile mbili za mwisho niliujua ukweli nikikuona unampita njiani, nikanyamaza. Nisamehe, na tafadhali, kikombe chake cha maziwa kirudi kwake kabla sijafika. Ukitaka kumwambia yote, mwambie. Ukitaka nimwambie mimi, nitamwambia.

Kuhusu kompyuta yenyewe, nilimpigia Kyule nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa, akaniapia kwamba hatalisema dukani. Kisha akanielekeza kwa simu mahali pa kubonyeza kwenye mipangilio, nikaiamuru isilale hata kifuniko kikishushwa. Nimeijaribu tangu juzi bila kuchoka. Naifunga, naifungua, iko macho. Kwa hiyo Ijumaa nitafanya mahojiano nyumbani, kwenye meza yetu, na ungeweza hata kuifunga na kuilalia, isigande.

Lakini kuna jambo moja bado, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Alhamisi asubuhi nilikaa mbele ya kompyuta katika chumba cha Mutindi, iko wazi, iko macho, yeye ameshaingia kazini. Nilikuwa nimepata nilichotoroka nyumbani kukitafuta. Na mama, niliogopa kuliko siku zile zote ilipokuwa ikiganda. Nilikuwa nasubiri kitu, sikijui, mpaka nikatambua nasubiri mtu aseme tuombe. Hakukuwa na mtu. Nikajiwekea mkono wangu mwenyewe kichwani, nikaona ni mwepesi, nikautoa. Waliponiuliza nieleze mimi ni nani, niliwaomba warudie swali mpaka wakafikiri sauti inakatika.

Nikakumbuka asubuhi ya mtihani wa kidato cha nne. Mikono yako ilikuwa na harufu ya vitunguu, ukaniwekea yote miwili utosini, ukabonyeza kana kwamba unanipanda ardhini. Nilikwenda shuleni siogopi mtu. Tangu nimalize chuo hujaniwekea tena. Umeombea bahasha za maombi ya kazi, ukaombea viatu, ukaombea soketi, ukaombea kompyuta mara zisizo na idadi. Sikulaumu. Labda uliona mimi sasa ni mtu mzima, vitu ndivyo vinavyohitaji kushikwa. Lakini nilikuwa nimekaa pale pale kando ya meza kila siku, mama, nikiutazama mkono wako unavyopita mbele yangu.

Nitafika Jumatano, Mungu akipenda. Wasalimie kina mama wote, waambie sijasahau njaa yao na kwamba nitawapikia mwenyewe. Msalimie Mbithe kabla ya wengine. Mutindi anakusalimu na anashukuru kwa viazi, vimekwisha. Likande goti.

Na Ijumaa asubuhi, tukishakaa mezani na ukishasema tuombe, funika sufuria, rudisha mlango, uifunge hata kompyuta ukitaka. Ila mkono wako niwekee mimi.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Mbinya.