Shahidi wa Mlangoni

Jumatatu, 4 Juni 1973. Arua

Chaki mbovu tena. Inakwaruza ubao, haiandiki. Darasa la saba, Kiingereza. Leo "speak your mind": kusema wazi lililo moyoni mwako, hata kama anayesikiliza atanuna. Nikawapitisha. My mind, your mind, his mind, her mind. Wakaitikia vizuri, kama kwaya. Haya, kila mtu atunge sentensi yake. Wanafunzi arobaini na wawili, hakuna hata mmoja aliyeandika "my". Mkuu wa shule husema lililo moyoni mwake. Chifu, vivyo hivyo. Mwanajeshi, vivyo hivyo. Mmoja kaandika Mungu.

Nimewaita waoga. Watarudia kesho.

Jumatano, 6 Juni

Mkuu wa shule kapita dirishani, kaona ubao. Akaniita ofisini, akafunga mlango. Nifute. Nifundishe kitu kingine, siku hizi si za maneno hayo. Nikamwambia yamo kitabuni, na kitabu kanipa yeye. Sikufuta.

Nina hasira mpaka sasa. Lakini niandike na hili, maana hakuna anayesoma hapa: mwaka wa pili huu, katika chumba cha walimu sizungumzi lolote ila mvua. Nawaita watoto waoga!

Ijumaa, 8 Juni

Barua ya kaka Rajabu kutoka Koboko. Binti yake Zamzam anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Bwana harusi ni sajini wa kambini. Ana wake wawili na mvi kunishinda mimi.

Kumbe ndiyo maana. Zamzam anakaa kwetu, anasomea ukunga hospitalini, kabakiza mwaka mmoja. Wiki mbili zilizopita kaka alimwita nyumbani, ati mama yake mgonjwa. Mgonjwa wapi!

Mimi nimechaguliwa shahidi wa mlangoni, pamoja na Farajala mchinjaji. Heshima kubwa, anaandika kaka. Kwetu binti huulizwa akiwa chumbani, nyuma ya pazia, na mashahidi wawili husimama mlangoni wasikie. Akinyamaza, amekubali. Akilia, amekubali vilevile, ni haya tu. Nimesimama milango mingi. Sijawahi kusikia neno.

Mke wangu Hawa kasoma barua, kaiacha mezani. Chai hakupika.

Alhamisi, 14 Juni. Koboko

Nimekuja na lori la tumbaku, juu ya magunia. Mgongo haufai.

Ua umejaa wanawake. Zamzam yuko ndani, wanamfukiza moshi wa bibi harusi. Mama yake akaniruhusu nimsalimie dirishani. Macho mekundu, na si kwa moshi.

"Baba mdogo, mimi sitaki. Nawaambia, wananicheka tu."

Nikamwambia siku ile aseme kwa sauti. Nitakuwa pale.

Nimeshaahidi. Sajini alikuja kula jioni, bastola kiunoni, hata wakati wa kunawa haivui. Kaka anamchekea kila neno. Miaka yote hii sijamwona kaka akijipendekeza hivyo. Naona aibu kwa ajili yake.

Jumamosi, 16 Juni

Naandika usiku huu huu.

Wanaume mikekani, sheikh katikati, sajini na sare yake. Mimi na Farajala mlangoni. Farajala akauliza kwa sauti yake ya kuuzia nyama: binti Rajabu, unamkubali huyu bwana? Hakumaliza, wanawake wakapiga vigelegele. Katikati ya vigelegele nikasikia. Hapana. Halafu tena. Sitaki.

Farajala alisikia. Niliona jicho lake. Akageukia uani.

"Mutoto nanyamaza. Basi, iko sawa."

Sheikh akanitazama mimi. Kaka akanitazama. Ningeitikia kwa kichwa tu, saa hii nakula pilau.

Nikasema hakunyamaza. Amesema hapana, mara mbili. Mimi nimesikia na Farajala amesikia. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

Sheikh akainuka, akaja mlangoni mwenyewe. Akawanyamazisha wanawake, akauliza upya. Safari hii Zamzam alijibu mpaka waliokuwa barabarani wakageuka. Sheikh akafunga daftari lake. Mzee yule namheshimu kuanzia leo.

Sajini akanijia mpaka puani. "Mwalimu, wewe iko na mdomo. Mimi najua nyumba yako."

"Karibu," nikamjibu. Sijui ilitoka wapi.

Kaka hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hana tena mdogo wake, akaingia ndani. Mama Zamzam akatoa furushi la mwanawe kwa mlango wa nyuma. Lilikuwa limeshafungwa. Nadhani tangu jana.

Mimi na Zamzam tukapata lori la kurudi Arua. Alilala njiani, kichwa juu ya furushi.

Jumatatu, 18 Juni. Arua

Gari likipunguza mwendo nje, Hawa anasimama. Anasema tufunge mlango. Nimeuacha wazi mchana kutwa. Waje. Nilichosema nimesema, na sitakwenda Koboko kuomba radhi kwa kuwa na masikio.

Zamzam kavaa sare yake alfajiri, kaenda wodini. Kakosa wiki tatu na zaidi, wakamkaripia. Karudi anacheka.

Jumatano, 27 Juni

Nimemwona kaka sokoni. Tulikuwa hatua tatu. Akainama kuchagua vitunguu mpaka nikapita. Alinifundisha kuogelea yule, alinibeba mgongoni nilipougua surua.

Inauma. Ningesimama tena mlango ule kesho, ningesema vilevile, na ingeuma vilevile.

Ijumaa, 13 Julai

Mvua kidogo. Zamzam yuko zamu. Jana kazalisha peke yake kwa mara ya kwanza, mama mmoja wa Logiri, mtoto wa kike.

Baada ya sala nimekutana na dereva wa lori la tumbaku. Sajini ameoa. Jumamosi iliyopita, binti wa Lurujo. Mashahidi wa mlangoni walikuwa Farajala na askari mmoja wa kambini. Dereva alikula pale, anasema nyama ilikuwa nyingi. Nikamuuliza binti alijibu nini. Alinishangaa. Binti alinyamaza, akasema dereva, kama wasichana wote.

Nimekaa barazani. Hawa kaleta chai, kaniuliza kimenipata nini.

Nimemwambia hakuna kitu.