Mguu wa Mtanikumbuka

Matombo,
Morogoro.
Jumamosi, 25 Mei 2024

Mpendwa Mjomba Alois,

Sasa hivi, hata kalamu sijaishika vizuri, mjukuu wako Vero amemvua mbwa soksi akaivaa yeye mkononi, halafu akauinua mkono juu akaniambia, "Mama, na mimi naumwa." Nimecheka, nimemnyang'anya, nimemnawisha kwa sabuni, nimerudi kukaa. Sasa ngoja nianze kama mtu aliyefundwa.

Shikamoo Mjomba. Hali yako huko Chunya? Kifua kinasemaje kwenye baridi hiyo? Na masikio je? Tulisikia yamezidi kuziba kwa ile milipuko ya mgodini, ndiyo maana nimeona nisikupigie. Ukipigiwa unasema halo, halo, halafu unakata, na sisi huku tumebaki tumeishika simu. Barua haina halo.

Sisi wazima kiasi chetu. Godfrey mume wangu mzima ila usingizi umemwisha, nitakueleza. Mama, dada yako, magoti yanamkamata alfajiri, jua likitoka anapona anakuwa mkali kama kawaida. Vero alitimiza miaka mitatu mwezi wa pili na hanyamazi.

Barua hii ataibeba Salum, yule mnunuzi wa ndizi. Canter lake liko hapo barabarani linapakia, akimaliza anateremka mjini, na huko ataikabidhi kwenye basi la Mbeya. Kwa hiyo naandika huku sikio moja liko kwenye injini. Ukiona mwandiko unakimbia, ni mimi ninayekimbia.

Mjomba, kilichonikalisha chini ni mbwa wako, Mtanikumbuka. Usishtuke, yu hai. Yuko hapa mlangoni, kichwa juu ya miguu, ananitazama kama anajua anaandikwa yeye. Lakini ameumia mguu, na aliyemuumiza ni mimi. Nalisema mapema nisije nikalizungukazunguka mpaka Salum aondoke.

Ilikuwa hivi. Tangu mwezi wa nne ngedere wamezidi kwenye mahindi. Wenzetu wa bondeni wametundika makopo kwenye kamba, upepo ukivuma yanagongana, ngedere wanakimbia. Mimi makopo sina, nikatundika chupa. Zilikuwa zinalia vizuri, hata jirani Mzee Andrea alipita akaniuliza, "Winfrida, umefungua baa huku juu?" Nikacheka naye. Kumbe kamba niliyotumia ni ya mgomba, na wewe unaijua mvua ya huku, haiulizi. Kamba ikaoza, chupa mbili zikaanguka kwenye mawe, sikuziona. Jumanne ya wiki ile nyingine, asubuhi, mbwa anamkimbiza nguruwe pori, akazikanyaga.

Ni mguu wa mbele wa kulia. Ile ngozi nene nyeusi ya chini ya unyayo ilipasuka ikaacha mdomo wazi. Godfrey alimteremsha mlimani amembeba mabegani kama mfuko wa viazi, shati lote damu, nikadhani ameumia yeye.

Vero nikampeleka kwa Mama asione. Mbwa tukamfunga mdomo kwa kipande cha kitenge, maana najua anatupenda na chanjo ya kichaa alichomwa mwaka jana, lakini maumivu hayajui undugu. Godfrey akamlaza na kumshika. Nikachemsha maji, nikatia chumvi kidogo, nikayaacha yapoe mpaka nikaweza kutia kiwiko changu kama ninavyofanya ya kumwogeshea mtoto. Nikamwagilia jeraha taratibu kwa kikombe. Nikaona kitu kinametameta, nikakitoa kwa kile kibano cha kutolea miiba. Kigae kama punje ya mchele. Nikaminya kwa kitambaa safi, nikahesabu mpaka mia tatu, nikapotea, nikaanza tena, mpaka damu ikakata.

Hapo nilifanya vizuri. Kilichofuata ndicho kilichoharibu. Nikaogopa matope, nikamfunga kitambaa, juu yake nikamvisha mfuko wa nailoni wa unga, nikakaza kwa uzi. Nikajiona daktari. Mzee Andrea akasema nitie mafuta ya taa, nikamwambia hapana, mimi nimeshamaliza kazi. Siku ya pili nikasikia harufu. Nilipofungua, ngozi imekuwa nyeupe, imekunjamana kama muhogo wa kulowekwa, na vidole vimevimba kwa sababu ya uzi wangu. Nilikaa chini nikalia, Mjomba. Vero akaja akanifuta machozi kwa kiganja chenye ugali.

Nikateremka mbio kwa Mwanahawa, yule mama mwenye duka la dawa za mifugo. Nikamweleza. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Umempika mbwa mguu kwa mvuke wake mwenyewe," akasema. "Wewe ukivalishwa gambuti lenye maji siku mbili utanicheka?"

"Sitacheka, mama."

"Basi mwache apate hewa. Kidonda kinataka kukauka, si kufichwa kama pesa ya kikoba."

Akanipa ile dawa ya zambarau ya kupuliza. Akasema nisafishe asubuhi na jioni, nikaushe mpaka katikati ya vidole, nimwache wazi akiwa amelala pakavu. Akitoka nje tu ndiyo nimvalishe kitu chepesi, na akirudi nimvue hapo hapo. Na asilambe. Basi soksi anayovaa, Mjomba, ni moja ya zile nyeupe ulizomtumia Vero za ubatizo. Nisamehe na hilo. Zilishambana vidole, na nyingine nimeitunza. Kwa kulamba nikakata ndoo ndogo ya rangi, nikaitoboa tako, nikamvisha shingoni kichwa kikatokea kule. Alikaa nayo kutwa moja, siku ya pili nikaikuta Vero ameivaa yeye, mbwa analamba.

Nimesimama kwenda barabarani kuchungulia. Bado wanapakia, mikungu ni mingi leo.

Sasa nikueleze jambo ambalo siku zote hizi natamani ungekuwa hapa nikuambie kwa mdomo. Dawa tulikuwa nayo, lakini mbwa hakukaa. Kila jioni jua likipita kilima anaondoka kwa miguu mitatu kwenda shamba, na njiani anasahau anakanyaga, jeraha linafunguka upya. Nilimfunga kamba, akaitafuna. Nilimfungia jikoni, akachimba chini ya mlango. Godfrey akasema, "Huyo anaona nguruwe watamaliza mahindi, mwache, ana uchungu wa mali." Na mimi nikaamini.

Jumamosi iliyopita nikampelekea Godfrey chakula kule kibandani, maana tangu mbwa aumie yeye ndiye anayelala shamba anapiga debe kufukuza nguruwe. Nikamkuta Mtanikumbuka amelala. Hakulala upande wa mahindi, wala upande wa msitu wanakotokea nguruwe. Amelala chini ya msumari lilipoangikwa koti lako la mvua, pua ameielekeza juu kwenye mfuko wa koti. Nikasimama na bakuli mkononi.

Nikakumbuka gulioni. Ulikuwa unaweka tenga lako la pilipili mtama chini, unalifunika kwa koti, unamwambia kaa, halafu unakwenda zako kwa marafiki. Hata ukichelewa mpaka watu wanafunga vibanda, mbwa yuko pale pale, na hakuna aliyethubutu hata kuligusa. Ukirudi ukilivaa koti, na yeye anainuka mnakwenda.

Siku uliyoondoka kwenda Chunya uliliacha koti pale kibandani. Tulisema umelisahau. Hukumwambia mbwa kwamba unakwenda mbali, na angeelewaje. Miaka miwili, Mjomba, tunamsifu analinda mahindi yetu. Kumbe alikuwa analinda koti lako, ngedere na nguruwe aliwakimbiza kwa sababu walikaribia.

Nikaliangua koti, nikaja nalo nyumbani, naye nyuma yangu anachechemea. Nikalitandika hapa mlangoni. Akazunguka mara tatu, akalala. Toka siku hiyo haendi shamba tena. Anatoka kukojoa, anarudi kwenye koti. Mguu umekaa pakavu, dawa inashika, na tangu Jumatatu jeraha limefunga. Ngozi mpya ni ya waridi, laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Nikiminya halii.

Lakini hakanyagi. Hilo ndilo linaloninyima raha, nainuka nakaa, nainuka nakaa. Siku kumi na moja leo mguu uko juu. Namwita, anakuja kwa mitatu. Naushika naushusha chini polepole, anauinua kama ardhi ni jiko.

Na Godfrey amechoka. Si mtu mbaya, unamjua. Jana asubuhi aliingia macho mekundu akakaa hapo kwenye kigoda akasema, "Mama Vero, mimi si mbwa. Siku kumi nabweka mimi." Na ana haki, maana nguruwe wameshakula mistari minne upande wa juu, na mahindi bado wiki tatu kukauka. Mzee Andrea ana mtoto wa mbwa anayeanza kuwa mkubwa, yuko tayari kutupa. Lakini wawili hatuwezi kuwalisha. Kwa hiyo Godfrey amekubaliana na kaka yake, shemeji Frank, yule wa Ngerengere. Anakuja kesho baada ya misa na pikipiki na tenga. Kama mbwa atakuwa ameshakanyaga, Frank atakula ndizi na kurudi zake. Kama hajakanyaga, anaondoka naye akalinde mabanda ya kuku. Godfrey anasema Ngerengere ni tambarare, mbwa wa miguu mitatu hatapata tabu. Ni kweli. Lakini roho yangu inakataa.

Najua jibu lako haliwezi kunifikia kabla ya kesho. Naandika tu kwa sababu sikutaka urudi umkose halafu uambiwe na watu wa njiani. Na nilitaka kukuuliza, ikiwa ataondoka, koti nalo liende naye? Nadhani liende. Bila hilo atarudi kwa miguu kulitafuta, atauawa na magari. Ila nikifikiria mlango huu bila koti na bila mbwa, naona kama ndiyo unaondoka sasa, ile ya kwanza ulikuwa unatania. Ulimpa jina hilo kwa makusudi, mimi nakujua. Kila jioni tukimwita kuja kula, tunakutaja wewe.

Mimi sijakata tamaa. Juzi Mama alipita na kichwa cha samaki, nikaona kucha za mguu ule zimegusa chini. Zimegusa, Mjomba. Godfrey anasema nimeota. Mama anasema aliona na yeye, lakini Mama siku hizi anaona mengi.

Chupa zote nimezitungua. Vigae nimeviokota kimoja kimoja, nimevifukia shimoni, juu nimepanda boga.

Naona Salum anazunguka gari anakagua kamba, basi nifunge. Wasalimie wenzako wa mgodini, na zaidi Godlisten aliyekuandikia barua ile ya Pasaka, mwambie mwandiko wake tumeusifu. Mama anakusalimu sana, anasema ufunike kifua. Godfrey anakusalimu. Mzee Andrea anasema bao lenu mliliacha katikati na zamu ilikuwa yako. Vero anakusalimu, Babu. Mungu akutangulie unaposhuka chini ya ardhi na akusubiri mdomoni mwa shimo unapopanda, kila siku mpaka siku utakayotuona.

Wako akupendaye na kukungoja,
mpwa wako Winfrida, Mama Vero.

Mjomba, karatasi imebaki na Salum kumbe anakula kwanza, naongeza kidogo. Nilisahau kukuambia mdalasini wako wa nyuma ya nyumba umetoa majani mekundu, tutauchuma ukirudi. Na lile paa la

Mbona kimya. Nimeinua macho, mlangoni koti halipo. Vero hayupo, na mbwa naye hayupo. Sasa namsikia Godfrey nje, ananiita kwa sauti ya chini kama yuko kanisani, anasema nitoke polepole nisiwashtue, eti Vero amelivaa koti la babu yake linaburuta mpaka chini, wanapanda wawili njia ya shamba, na mbwa anamfuata nyuma anakanyaga kwa miguu yote mi