Nakala Moja Tu, Ofisi Nzima Tunayo

Mwenzio nimeumbuka. Usirudi ofisini kwanza!

Si leo nilikuwa nawaonyesha wakubwa seva mpya? Nikajitia mwalimu: "Hii inabana data. Watu wengi wakihifadhi faili ileile, yenyewe inatunza nakala moja tu na kuwaelekeza wote hapohapo. Nafasi inabaki tele."

Mkurugenzi akasema, "Tuonyeshe iliyorudiwa kuliko zote."

Nami na kiherehere changu nikabonyeza. Ikatokea picha ukutani, kubwa kama pazia.

Ni YEYE, mkurugenzi! Amelala mkutanoni, mdomo wazi, udenda unachuruzika kwenye tai. Udenda, jamani!

Kumbe kila mtu anayo. Hata mhasibu mlokole. Hata katibu wake mwenyewe!

Mdomo wangu ukaropoka: "Ila mzee, tumeokoa nafasi nyingi sana."

Akauliza polepole, "Hii nakala moja, nani aliiweka wa kwanza?"

Seva haijui kumsitiri mtu. Likatokea jina lako, pamoja na jina uliloipa faili: KIBOKO AMEPUMZIKA.

Nimekutetea, wallahi. Nimemwambia kiboko maana yake bingwa.

Akaitazama tena ile picha.