Sarafu ya Kirumi na Shamba la Hidaya

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe nikiandika kwa hasira. Nimerudi Lushoto baada ya miaka arobaini na moja Nairobi, sina nyumba wala shamba, na Silvano, mtoto wa marehemu mdogo wangu, ndiye aliyenipa chumba, na siku ya kwanza nilipofungua sanduku akaona sarafu ya shaba ya Kirumi niliyopewa na tajiri wangu, mkusanyaji wa sarafu, akawatangazia majirani kwamba imefukuliwa shambani kwetu, na mimi, kwa furaha ya kukaribishwa, nikanyamaza. Sasa anagombea mpaka na Hidaya, mjane anayelima karoti upande wa chini, na anataka nitie saini barua ya baraza la ardhi kwamba sarafu ilitoka kwenye kipande wanachogombea, eti ni ushahidi kuwa ukoo wetu ulitangulia. Nimemweleza: nyuma kuna askari wawili na katikati yao bendera mbili, kwa hiyo ni ya kati ya mwaka 330 na 335, maana baadaye bendera ilibaki moja, na herufi SMAL chini zinaonyesha ilipigwa Aleksandria. Nikamuuliza, babu yetu alikuwa askari wa Kirumi? Akacheka. "Baba mkubwa, barazani nani anajua Kirumi? Andika tu. Kwani hapa unakula ugali wa nani?" Baraza ni Alhamisi. Nikikataa, nitalala wapi?

Stephano

Mzee Stephano, shikamoo. Kijana anayemhesabia baba yake mkubwa matonge hana adabu, na hofu yako naielewa. Lakini hasira yako imechelewa. Unaweza kutenganisha miaka kwa kuhesabu bendera, ukashindwa kusema "hapana, nilipewa Nairobi"? Silvano hajui kitu. Anayejua ni wewe, ndiyo maana anataka saini yako. Umeishi miaka yote hiyo bila kipande cha ardhi, leo umsaidie mtu kumwondoa mama wa watu karoti zake zikiwa bado ardhini? Aibu, mzee wangu!

Usisaini. Leo hii andika kwenye karatasi ni nani aliyekupa, mji gani, mwaka gani. Nenda kwa Hidaya, mwambie kwa mdomo wako kwamba ulinyamaza na ulikosea, umwachie nakala. Kisha mkatalie Silvano mbele ya wazee wa ukoo, si jikoni kwake, na hapo hapo uwaombe mahali pa kulala. Silvano peke yake si ukoo. Alhamisi nenda barazani hata asipokuita. Ukifika, kaa upande wa Hidaya.

Mshauri Beatha