Nyumba Niliyojenga Ukweni

Mpendwa mama mkwe,

Hii ndiyo mara ya kwanza nazungumza nawe bila kumpitisha Nekesa katikati. Ungekuwa hai ningeona haya hata kuanza. Adabu ya kwetu Bungoma ilitutaka tupishane kwa mbali, usile mbele yangu, nisikutazame usoni, na kila neno tumpe binti yako alibebe. Tuliishi hivyo miaka yote na sikuona uzito wake, mpaka siku tulipokuzika. Nilitaka kukuambia asante nikakosa wa kumtuma, maana Nekesa naye alikuwa analia.

Wacha nianzie Kitale. Chumba chetu cha kupanga kule mtaa wa Tuwan ulikifikia mara moja tu, na hukukiingia. Mtoto wetu Naliaka alikuwa amezaliwa juma hilo. Ulitoka kwako Ndalu asubuhi na mkungu wa ndizi na kuku, ukafika kwetu mvua ikianza. Jiko lilikuwa upande huu, kitanda upande ule, na katikati pazia lisiloficha kitu. Mimi nilikuwa ndani. Niliposikia sauti yako niliruka kama mwizi, nisijue pa kwenda, kwa sababu mlango ulikuwa mmoja na wewe ndiye uliyesimama hapo.

"Mama, ingia, unalowa," Nekesa akasema.

"Niingie wapi? Si kitanda cha mume wako ndicho kile naona?"

"Atatoka."

"Atatoka apitie wapi? Juu ya kichwa changu?"

Ukabaki nje, chini ya ukingo wa mabati. Nekesa akakuletea kigoda na mtoto, ukampakata mjukuu wako huku maji yakimwagika karibu na miguu yako, na wapangaji wenzetu wakipita na ndoo zao wakikuamkia. Nilikaa nyuma ya pazia nikikusikia ukimwimbia. Mvua ilipopungua ukaaga ukaenda. Wanawake wapangaji walikusifu, wakasema wewe ni mkwe mwenye heshima. Mimi nilijiona mdogo kuliko yule mtoto.

Na kazi nilikuwa nayo, mama. Nilitunza maabara ya shule ya upili, Nekesa akashona sare za wanafunzi. Hatukulewa, hatukucheza kamari. Tulipooana tulianza kutafuta ploti Milimani, mtaa wa matajiri, kwa ujinga wa watu waliopendana. Tulipita kwenye zile barabara zenye miti mikubwa, Nekesa akichagua lango hili na lile kama mtu anayechagua kitenge. Tulipoambiwa bei tulicheka njia nzima. Tukashuka, tukatafuta nyuma ya mji, kisha nyuma ya nyuma ya mji, mahali ambapo hata nyaya za stima zilikuwa hazijafika. Kila tulipoikaribia bei, bei ilihama. Tulipokuwa tayari kabisa, broka mmoja wa mashamba alitutembeza kwenye kipande kidogo cha majani, akanishika bega.

"Mwalimu, ongeza kidogo bana."

"Si juzi tulikubaliana?"

"Ya juzi ilikuwa ya juzi. Sasa watu wamesikia ati lami inakuja. Kuna mtu yuko ng'ambo anataka yote, na hata haji kuangalia."

Nekesa aliinama akang'oa jani moja la nyasi, akalitia kwenye pochi yake, tukarudi mjini kwa miguu.

Utauliza kwa nini sikujenga kwetu. Unajua shamba la baba kule Sirisia tuligawana ndugu wengi. Kipande changu kilitosha jiko na mistari michache ya mahindi, na kutoka huko hadi kazini Kitale kila siku ni kujiua. Kwa hiyo ulipopiga simu ukamwambia Nekesa kwamba kuna upande wa shamba lako Ndalu ambao hulimi tangu baba mkwe afariki, alifurahi akaniita mbio. Kaka yangu mkubwa alipopata habari alinitupia maneno mbele ya wazee: "Ukweni watu huenda kusalimia wakarudi. Wewe unataka kwenda kuolewa?"

Nikamtuma Nekesa akuambie hapana, asante. Jibu lako lilirudi siku hiyo hiyo.

"Mwambie mume wako nani amesema nampa? Kama anataka bure asije. Mimi nauza."

Tukaja Jumamosi. Ulikaa upande wako wa ua wa miiba ya kayaba, umenipa mgongo, unachambua maharagwe. Mimi nikasimama upande wangu nikitazama mlima Elgon kana kwamba ndio ninaouliza bei. Nekesa alikuwa kwenye mwanya wa ua, na shemeji yangu Wafula, mwanao, amekaa kwenye nyasi kama shahidi. Kijana wa watu angeweza kukataa, kesho lingekuwa shamba lake, lakini alikuwa ameshakubali kabla sijafika.

"Muulize anataka kutoa ngapi," ulisema.

Nikataja.

"Mwambie hiyo ni ya kununua mbuzi."

Nikapandisha.

"Mwambie mtu wa Endebess angekuja hapa angenipa zaidi ya hiyo."

"Mama," Nekesa akasema, "si mnasikiana? Huyu hapa!"

"Namsikia. Lakini wewe sema."

Wafula alicheka mpaka akalala chali. Wewe hukucheka. Ulinipandisha mpaka kwenye bei ya haki ya Ndalu, bei ambayo Kitale isingeninunulia hata choo, na hukushuka hata kidogo. Nilirudi nimechoka, nikamwambia Nekesa kwamba mama yake ni mgumu. Wiki hiyo akaenda soko la Ndalu, akakukuta ukiwalalamikia wanawake wa nyanya: "Huyu mkwe wangu hajui kununua! Amelipa kama mgeni!" Ulilirudia hilo kwa kila uliyekutana naye, kanisani, kwenye kinu cha posho, kwenye matanga. Nilikasirika siku chache. Halafu nikaelewa. Hakuna mtu Ndalu nzima ambaye angeweza tena kusema nilipewa.

Nyumba tuliijenga polepole, msimu huu kuta, msimu ule mabati. Fundi alishangaa nilipomwambia kwamba sebule iwe na mlango wake wenyewe unaotazama boma lako, na vyumba vya kulala viwe nyuma kabisa, visionekane hata mtu akinyoosha shingo. Hakuuliza. Fundi wa huku ana mama mkwe pia.

Siku uliyoingia nilikuwa kwenye zizi la ndama, mahali pangu panaponifaa. Nikasikia kiti kikivutwa. Nikasikia Naliaka akikuonyesha picha za ukutani, moja moja, na wewe ukicheka, ile sauti yako nene, ndani ya nyumba yangu. Nilisimama na ndoo mkononi, ndama akinilamba suruali. Kisha Nekesa akatoka.

"Mama anasema viti ni vizuri. Lakini anasema chai ina maziwa kidogo, kama ya watu wa mjini."

Nikamkamua ng'ombe tena.

Sasa naondoka alfajiri kwenda kazini, na mvua ikinyesha matope hunifika magotini. Nekesa ameweka cherehani sebuleni na wateja wanakuja hata kutoka Bungoma mjini. Nikiwa Kitale hupita Milimani wakati mwingine, nikatazama yale malango bila kuumwa. Vijana waliooana majuzi pale shuleni huniuliza nilifanyaje, na sina la kuwafundisha, kwa sababu si haki kwamba watu wawili wanaofanya kazi wasubiri mama mwenye shamba. Nawaambia tu ilivyokuwa. Nafsi yangu imetulia, mama.

Disemba iliyopita jamaa zenu walikuja kutoka Bungoma. Walikuwa wamesimama na Wafula pale penye mpaka, nami napalilia vitunguu karibu. Mmoja akauliza, "Na ile nyumba ya mabati ya kijani ni ya nani?"

Nikaacha kupalilia. Wafula hakugeuka hata kunitazama.

"Ya jirani yangu," akasema. "Alinunua kwa mama. Ng'ombe wake wanaingia kwangu, lakini tunavumiliana."

Nikaendelea kupalilia. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Lala vyema, mama. Wajukuu wako wanakula na kukua, na binti yako anacheka sana siku hizi.

Mimi mkweo,
Baba Naliaka