Unga wa Muzee Balume

Dada Kavira mupenzi,

Nakusalimia toka Goma, mvua ya asubuhi imegeuza vumbi la volkano kuwa tope jeusi. Leo nilimukuta muzee Balume, mwalimu wangu wa kemia, kambini Mugunga. Vita ilimukimbiza toka Sake, tanuru yake ikabaki. Niliwahi kukueleza namna tulivyopitisha mvuke wa chuma na kaboni ndani ya bomba la moto, mpaka ukaganda kuwa unga mweusi, laini kuliko majivu, kila chembe ya chuma ikivaa ngozi ya kaboni. Alikimbia na kichupa kimoja tu cha unga huo, na mvua iliyovuja hemani ikaingia ndani yake.

“Umeshika kutu,” akaniambia. “Naogopa hata kuujaribu.”

Nilikuwa na sumaku mufukoni. Nilipoigusisha kwenye chupa, unga wote ukaifuata ndani ya maji. Ile ngozi ya kaboni ilikuwa imelinda kila chembe ya chuma isishike kutu. Muzee akageuza uso.

Muke wake ndiye aliuliza: “Unga huu unasaidia nini?”

“Siku moja utashika sumu ndani ya maji ya kunywa, halafu sumaku iutoe pamoja na sumu hiyo,” muzee akamujibu polepole.

Mama huyo akaangalia foleni ya bido, madumu ya maji, kwenye robine, mufereji wa kambi. “Basi usikae hapa. Fundisha wengine.”

Siku ya lundi, Jumatatu, muzee anakuja Himbi, kwenye shule ninayofundisha, kufundisha wanafunzi wetu. Tanuru hatuna, ataanza na chaki. Nilipoaga, nilimuona tayari akinyoa ndevu zake za kambini.

Unikumbatilie watoto, na Mungu awalinde huko Butembo.

Kaka yako, Kambale