Maiti Iliyosema "Kata"

Usinipigie, soma tu. Nimejifungia chooni hapa tunaporekodi.

Unajua filamu hii mimi ni maiti, halafu ni msaidizi wa mwongozaji. Miaka kumi na tisa ndiyo maisha yangu hayo: mbele ya kamera nakufa mapema, nyuma yake nakimbizana na kila kitu.

Leo nimelala kitandani, shuka hadi kifuani, Mama Mkubwa, mwigizaji mwenzangu, ananililia. Huyo huyo ambaye mwezi uliopita tulikwenda kumzika mumewe. Asubuhi alituambia kabisa, "Nitalia mara moja tu. Msiniombe tena."

Na akalia kweli. Machozi yananidondokea shingoni. Nikafumbua jicho kidogo, mazoea tu, nikaona maikrofoni inashuka juu ya kichwa chake, kama inaingia kwenye picha.

Nikasema, "Kata."

Mimi. Maiti. Nimesema kata.

Kamera ikazimwa. Mwongozaji akarudisha picha, akatazama, akasema taratibu, "Maikrofoni haikuwa imeingia." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama Mkubwa hakunitukana, na hilo ndilo linaloniua. Alikuwa bado ameushika mkono wangu. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwezi mzima nangoja yule wangu aseme hata neno moja. Wewe umesema, na ulichosema ni kata."

Kisha akapangusa uso, akawaambia wawashe kamera.

Wananiita nikalale tena. Safari hii nimeomba wanifunike uso.